Hakuna Kisiwa cha Watu Wawili

Kituo kikuu cha reli kinachoitwa cha Nairobi kimejengwa Syokimau, ndani ya kaunti ya Machakos. Eneo hilo lina jina la nabii wa kike wa Wakamba ambaye, kwa masimulizi ya wazee, aliona joka refu likitambaa kutoka maji haya hadi maji yale huku likitema moto, miaka mingi kabla reli ya kwanza haijafika bara. Tangu mwaka 2017 kituo hicho kinatumiwa na treni ya Madaraka Express. Inapofika Agosti na Desemba, shule zikafungwa na harusi zikaandamana, mabehewa yake hubeba pia maharusi wapya kutoka Mavoko, Kangundo, Matuu na Machakos mjini. Wanakwenda baharini kutafuta siku chache za kuwa peke yao.

Picha waliyo nayo inajulikana na kila mtu: kisiwa kidogo, mchanga mweupe, nyumba moja ya makuti, watu wawili, na bahari isiyo na mtu wa tatu. Hoteli za visiwani kuanzia Lamu hadi Mafia zimejenga biashara juu ya picha hiyo. Kabla ya kulipa, inafaa kuuliza kama upweke huo upo kweli, unagharimu nini na unatengenezwa na nani. Ukiichunguza pwani ya Afrika Mashariki kwa makini utaona kuwa faragha ya kisiwani ni kazi ya watu wengi, tena kazi nzito. Wapo wanaovusha maji na chakula, wapo wanaokesha wakilinda, na wapo waliokuwa wakivua pale kabla hoteli haijajengwa. Wapendanao wanaolijua hilo huchagua vizuri zaidi.

Faragha kabla ya hoteli

Kwa Wakamba, ndoa haikuwa jambo la wawili kujitenga. Mpaka leo familia nyingi za Machakos humhesabu mke kuwa ameolewa pale tu ntheo inapotolewa, yaani mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa binti mbele ya wazee wa pande zote mbili. Mtu anaweza kuwa na cheti cha kanisa au cha serikali, na bado shangazi zake wakamuuliza habari ya wale mbuzi. Ndoa ilifungua mlango wa watu wengi. Ilikuwa vigumu kufikiria kwamba ingeanza kwa kuwakimbia.

Pwani nako desturi ilikuwa na faragha yake, lakini ya nyumbani. Katika siku saba za fungate maharusi hawakutoka. Chakula kililetwa, maji ya kuoga yalitayarishwa, kazi zote zilishikwa na wengine, na somo wa bibi harusi alikuwa karibu kwa ushauri. Walikuwa peke yao katikati ya ukoo mzima. Kila kitu kinachouzwa leo na hoteli ya kisiwani, yaani kulishwa, kutunzwa na kutosumbuliwa, kilikuwa tayari ndani ya fungate, na waliokitoa walikuwa jamaa.

Kisiwa chenyewe hakikuhesabiwa kuwa mahali pa mapenzi. Mwaka 1866 Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alilazimika kutoroka Unguja kwa meli ya kivita ya Kiingereza baada ya kushika mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani aliyekuwa jirani yake Mji Mkongwe. Walifunga ndoa Aden mwaka uliofuata. Kwao kisiwa kilikuwa mahali ambapo kila dirisha lina macho. Katika ziwa Bunyonyi, kusini magharibi mwa Uganda, kisiwa kidogo cha Akampene kilitumiwa zamani na Wakiga kuwatupa wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa. Wengi walikufa kwa njaa au kwa kujaribu kuogelea. Wengine walichukuliwa na wanaume wasio na mali ya kulipa mahari. Leo, katika ziwa hilohilo, visiwa jirani kama Bushara hupokea wapendanao wanaolipa ili waachwe peke yao.

Tofauti ya visa hivyo ni moja: nani anaweza kuondoka atakapo. Upweke unaopendeza ni ule wenye boti ya kurudi.

Wazo la kisiwa cha maharusi limekuja na utalii, na limekuzwa na watu mashuhuri. Mwanamfalme William wa Uingereza alimchumbia Kate Middleton mwezi wa Oktoba 2010 hapa Kenya, karibu na ziwa Rutundu katika baridi ya Mlima Kenya, kisha Mei 2011 wakaenda fungate Shelisheli. Magazeti yalikumbuka zaidi kisiwa. Lakini neno zito, lile la kuombana maisha, lilisemwa bara, mlimani, mbali na mnazi wowote.

Ngazi za bei

Maharusi wengi wa Machakos hupanga harusi kupitia kamati. Marafiki na jamaa hukutana, bajeti husomwa, michango hutumwa kwa M-Pesa. Ukumbi, chakula, nguo na magari hutengewa fedha kwanza; safari ya wawili huja mwisho, na mara nyingi hupata kilichobaki. Ndiyo maana ni muhimu kujua ngazi za bei zilivyo.

Juu kabisa kuna Mnemba, kisiwa kidogo kando ya kaskazini mashariki mwa Unguja, ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa miguu kwa muda mfupi. Kina nyumba zipatazo 12 tu, na kulala hapo usiku mmoja ni zaidi ya dola 1,000 kwa mtu. Boti za wazamiaji kutoka Matemwe na Nungwi hufika kwenye mwamba wa matumbawe unaokizunguka, lakini asiye mgeni wa hoteli hakanyagi mchanga wake. Kwa Mkenya, Zanzibar haidai viza, ila inadai pasipoti. Kitambulisho kinachomvusha kwenda Uganda hakimtoshi huko.

Ngazi inayofuata iko nyumbani. Kisiwa cha Chale, kusini ya Diani katika kaunti ya Kwale, kina hoteli moja, na wageni huvushwa kwa boti maji yakijaa na kwa trekta yakipwa. Kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, kina hoteli zake na uwanja wa ndege unaohudumia Lamu nzima. Wasioruka huenda kwa basi hadi Mokowe, kisha huvuka kwa boti.

Ngazi ya tatu ni Wasini, kisiwa kirefu na chembamba mbele ya Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania. Hakina magari. Kina kijiji cha kale cha Wavumba, wanawake waliojenga daraja la mbao juu ya bustani ya matumbawe na wanaolitunza wenyewe, na nyumba za wageni za kawaida. Karibu yake kuna hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, iliyoanzishwa miaka ya 1970, ambako pomboo huonekana mara kwa mara. Hapa hakuna anayeuziwa upweke kamili. Jioni wageni husikia adhana na watoto wakicheza, na wanaokula samaki huweza kumjua aliyemvua.

Safari ya kufika haiumizi tena kama zamani. Nauli ya daraja la kawaida kwenye Madaraka Express imekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na treni inayosimama vituo vya kati huchukua abiria hata Athi River. Kutoka Miritini, treni inapokomea, barabara ya Dongo Kundu humfikisha msafiri Kwale bila kungoja feri ya Likoni. Anayependa basi hulidaka Kyumvi, kwenye barabara ya Mombasa. Kwa hiyo gharama kubwa haiko njiani. Iko kwenye idadi ya watu wanaotakiwa kukaa mbali ili wawili wakae peke yao. Kisiwa chenye nyumba 12 huwatoza wageni wachache mishahara ya wafanyakazi wengi, mafuta ya boti, na kila debe la maji linalovushwa.

Bahari ina ratiba yake

Kosa la kawaida la watu wa bara ni kupanga safari kwa kalenda ya harusi bila kuangalia kalenda ya bahari. Kaskazi, upepo unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, huja na bahari tulivu na maji maangavu. Ni wakati mzuri wa kuona samaki na matumbawe, na pia ni wakati ambao hoteli hupandisha bei, hasa wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya. Masika huanguka Aprili na Mei. Bei hushuka, na hoteli kadhaa za visiwani hufungwa kabisa. Kusi hufuata, bahari ikawa na mawimbi makubwa, hewa ikawa baridi kidogo na mwani ukajaa ufukweni.

Mtu aliyefunga ndoa Desemba hana lazima ya kusafiri Desemba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Wanaozigawa, wakabaki nyumbani wiki ya harusi kisha wakaenda pwani Februari, hupata bahari ileile kwa bei pungufu, na huondoka baada ya uchovu wa harusi kuwatoka.

Mwezi nao una neno. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Kwenye pwani ya Kenya, siku hizo maji hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa tena alasiri. Mgeni aliyezoea picha za bahari inayogusa mlango wa chumba hushangaa kuona miamba, nyasi za baharini na kina mama wakiokota chaza mahali alipodhani ataogelea. Siku za maji mafu tofauti hupungua. Anayetaka kuogelea asubuhi aziulize hizo. Anayependa kutembea juu ya mwamba na kuona viumbe vyake aende bamvua. Nahodha yeyote wa Shimoni au Lamu atamjibu bila kufungua kitabu.

Ufukwe ni wa nani

Hoteli nyingi hutangaza ufukwe wa faragha. Nchini Kenya, Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaiweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mvuvi anayepita mbele ya viti vya wageni ana haki ya kupita. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yote ilifanywa mali ya serikali, na mwekezaji hukodishwa. Kinachouzwa kwa mgeni, basi, ni ulinzi na mpangilio. Bahari yenyewe haikununuliwa na mtu.

Chale inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo na uchungu. Sehemu ya kisiwa hicho ni kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo, na hoteli ilipopangwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wazee walipinga. Ilijengwa. Karibu yake, upande wa bara, Kaya Kinondo bado ina wazee wake, na wageni huingizwa na waongozaji wa kijiji wakiwa wamejifunga kaniki. Misitu ya kaya za Wamijikenda iliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Maharusi wanaolala Chale wanastahili kujua wamelala kwenye ardhi ya namna gani, na nusu siku wakiwa na mwongozaji wa Kinondo ni heshima ndogo wanayoweza kuitoa.

Upo pia uzito wa usalama, na hapa kaskazini ya Lamu ndiko kwenye somo gumu. Tarehe 11 Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli moja karibu na Kiwayu, si mbali na mpaka wa Somalia. Mume na mke kutoka Uingereza ndio waliokuwa wageni pekee usiku huo. Mume aliuawa, mke alitekwa nyara na kuachiliwa Machi 2012. Mwanzoni mwa Oktoba 2011 mwanamke Mfaransa alichukuliwa nyumbani kwake Manda, akafia mateka. Mwezi huohuo Kenya ilipeleka majeshi Somalia. Utalii wa Lamu ulianguka, na maelfu ya watu ambao hawakuhusika, mabaharia, wapishi na wachukuzi wa punda, walipoteza riziki. Lamu imeinuka tangu hapo na wageni wamerudi, lakini kisa kile kinabaki na onyo: kutokuwa na majirani kunaweza kuwa ndiyo hatari yenyewe. Kijiji kilicho karibu, chenye faida katika hoteli, hulinda kuliko ukuta.

Watu wa Machakos ndani ya picha

Wakamba hawakuijua bahari kupitia matangazo ya hoteli. Katika karne ya 19 misafara yao ilipeleka pembe za ndovu Mombasa, na mfanyabiashara mkubwa Kivoi alimpokea mmisionari Krapf huko Kitui mwaka 1849. Wengine walihamia pwani, na vizazi vyao vipo Rabai na Kwale hadi sasa.

Kisha kikaja kinyago. Mutisya Munge wa Wamunyu, leo katika kaunti ya Machakos, anakumbukwa kuwa ndiye aliyeleta nyumbani ufundi wa kuchonga aliojifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ufundi huo ulienea Wamunyu yote, ukafuata watalii hadi Mombasa, ambako chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kiko Changamwe. Twiga na vijiko ambavyo wageni wa visiwani hununua kama kumbukumbu ya bahari mara nyingi vimetoka kwenye mikono ya Machakos. Biashara hiyo ilikula misitu ya muhuhu na mpingo kiasi cha kuwalazimu wachongaji kugeukia mwarobaini na mwembe, miti inayopandwa na kukua upesi.

Wapo pia wanaofua mashuka, wanaopika na wanaolinda malango. Kazi zao hufuata msimu. Kenya ilipofunga anga kwa abiria wa kimataifa kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai 2020 kwa sababu ya korona, hoteli zilifungwa na wafanyakazi wakapanda mabasi kurudi Ukambani, Uluhyani na Nyanza. Hoteli zilipofunguliwa ziliwageukia Wakenya wenyewe, na wengi walijua kwa mara ya kwanza kuwa kuna bei ya mkaazi, iliyo chini ya ile ya mgeni wa nje. Ni haki ya kila mteja wa Machakos kuiulizia.

Kipimo cha maji

Kama kuna kipimo kimoja cha kuichagua hoteli ya kisiwani, ni maji. Takwa, mji wa kale kwenye kisiwa cha Manda, ulihamwa mwishoni mwa karne ya 17, na maelezo yanayotolewa zaidi ni kuwa visima vilikuwa na chumvi. Kisiwa kidogo hakina mto. Hoteli inayooga bila hesabu huvuta maji ya kisima yaleyale ambayo kijiji kinakunywa, na bahari ikaingia chini.

Chumbe, kisiwa kilicho kusini ya mji wa Zanzibar, kimefanya vingine. Mwamba wake wa matumbawe ulitangazwa hifadhi mwaka 1994. Kina nyumba saba tu za wageni, zenye mapaa yaliyojengwa ili kukinga mvua na kuipeleka kwenye tangi chini ya sakafu. Vyoo havitumii maji, na umeme ni wa jua. Wavuvi wa zamani ndio walinzi wa mwamba, na watoto wa shule za Unguja huletwa kujifunza bahari. Mwaka 2000 kisiwa kilipewa tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Mapenzi hayajapungua pale kwa sababu maji yanahesabiwa.

Mtu wa Machakos anaielewa Chumbe haraka kuliko mgeni wa Ulaya. Kaunti yake imeokolewa na matuta ya fanya juu, mabwawa ya mchanga na matangi ya paa. Anajua thamani ya tone.

Kwa hiyo hata swali la umbali, kama ni lazima kwenda mpaka baharini, linafunguka upya. Ndani ya Machakos liko bwawa la Masinga kwenye mto Tana, lililokamilika 1981, lenye maji ya takriban kilomita mraba 120 na hoteli ya TARDA, mamlaka ya mito ya Tana na Athi, inayoyatazama. Viboko na mamba wako humo, na machweo yake ni mapana. Uko mlima wa Ol Donyo Sabuk, wa mita 2,145, ambako mlowezi Northrup McMillan alizikwa, na mkewe Lucie akaja kulala kando yake. Wawili wenye siku tatu na fedha kidogo watapata Masinga muda ambao wangeumalizia barabarani. Wanaotaka chumvi na matumbawe, na wana wiki nzima, waende Wasini au Chale. Wenye akiba ya miaka wafikirie Chumbe kabla ya Mnemba.

Popote watakapochagua, maswali ya kuuliza kwa simu kabla ya kutuma amana ni haya: bei ya mkaazi ni ngapi na inajumuisha boti, maji yanatoka wapi, bamvua inaangukia tarehe gani, wafanyakazi wangapi wanatoka kijiji cha jirani, na kukitokea ugonjwa usiku chombo cha kuvuka kiko wapi. Meneja anayejibu yote matano bila kusita ameshajenga kile ambacho maharusi wanakitafuta. Anayekwepa hata moja hajastahili michango ya kamati ya harusi.